Jinsi ya Kuchagua Bima ya Nyongeza ya Medicare kwa Wazee Wetu Wanaoishi Marekani

Medicare, bima ya afya ambayo serikali ya Marekani huwapa watu waliotimiza umri wa miaka 65, hailipi gharama zote za matibabu, na sehemu inayobaki kwa mgonjwa haina kikomo. Kwa mzee mwenye afya njema sehemu hiyo huwa ndogo. Kwa mzee aliyepatwa na saratani, kiharusi au maradhi ya figo, inaweza kumaliza akiba yake yote na kuwaangukia watoto. Bima ya nyongeza, ambayo wengi huiita Medigap, huuzwa na kampuni binafsi kwa ajili ya kuziba pengo hilo. Mwongozo huu unawahusu wazee wanaozungumza Kiswahili wanaoishi Marekani pamoja na watoto wao, ambao mara nyingi ndio wanaojaza fomu na kupokea simu za mawakala. Jambo la kwanza la kulishika ni kwamba wakati unaponunua bima hii una uzito kuliko kampuni unayoichagua, na wengi hulitambua hilo wakiwa wameshachelewa.

Pengo lenyewe

Sehemu A ya Medicare hulipia kulazwa hospitalini. Mwaka 2026 mgonjwa anayelazwa hulipa kwanza dola 1,736 kutoka mfukoni, na malipo hayo si ya mwaka mzima kama wengi wanavyodhani. Ni ya kila kipindi cha ugonjwa, na kipindi hicho hufungwa pale tu mgonjwa anapomaliza siku 60 mfululizo bila kulazwa hospitalini wala kuuguzwa katika kituo cha uuguzi. Aliyelazwa Januari kwa siku chache, akapona, kisha akalazwa tena Juni, atalipa mara mbili. Akikaa wodini zaidi ya siku 60, hutozwa dola 434 kwa kila siku kuanzia ya 61 hadi ya 90, na baada ya hapo gharama hupanda zaidi.

Sehemu B hulipia madaktari, vipimo, upasuaji usiohitaji kulazwa, usafishaji wa damu, na dawa nyingi za saratani zinazotiwa mishipani kliniki. Ada yake ya kawaida mwaka 2026 ni dola 202.90 kwa mwezi. Mgonjwa hulipa dola 283 za kwanza za mwaka, kisha asilimia 20 ya kila gharama iliyoidhinishwa na Medicare, na hakuna kiwango ambacho akikifikia ataambiwa kwamba imetosha. Tuseme matibabu ya saratani ya mwaka mmoja yameidhinishwa kwa dola 60,000: mgonjwa asiye na bima nyingine yoyote atabaki na deni la zaidi ya dola 12,000, na mwaka unaofuata hesabu huanza upya.

Ni vyema pia kujua mapema mambo ambayo bima ya nyongeza haiyagusi kabisa. Hailipii dawa za kumeza nyumbani, ambazo zinahitaji Sehemu D inayonunuliwa peke yake. Kwa kawaida hailipii meno, miwani wala vifaa vya kusaidia kusikia. Hailipii matunzo ya muda mrefu, yaani mtu wa kumwogesha, kumvisha na kumlisha mzee, awe nyumbani kwake au katika makao ya wazee. Familia nyingi zilizozoea kumtunza mzee nyumbani hudhani kwamba siku zikizidiwa bima hii itawasaidia kulipia makao hayo. Haitawasaidia, na ni heri kulijua hilo mapema ili mipango mingine ifanywe.

Nani anaruhusiwa kuinunua

Mtu hawezi kuuziwa bima ya nyongeza kabla ya kuwa na Sehemu A na Sehemu B zote mbili, na hapa ndipo wengi wa wazee wetu hukwama. Aliyefanya kazi Marekani na kukatwa kodi ya Medicare kwa takriban miaka 10, au ambaye mwenzi wake wa ndoa ana historia hiyo na masharti ya ndoa yametimia, hupata Sehemu A bila kulipa ada. Mama aliyeletwa na mwanawe akiwa na umri wa miaka 66 hana historia hiyo. Yeye, iwapo si raia, atahitaji kwanza kuwa na kadi ya kijani na kuishi nchini miaka 5 mfululizo, na akishatimiza hilo ataruhusiwa kuinunua Sehemu A kwa ada ambayo mwaka 2026 hufikia dola 565 kwa mwezi, pamoja na ada ya Sehemu B. Anaweza kuchukua Sehemu B peke yake ili kupunguza gharama, na baadhi ya familia hufanya hivyo kwa sababu ya uwezo, lakini wajue kwamba kwa kufanya hivyo wamejifungia mlango wa bima ya nyongeza.

Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imebadilisha hali ya wakimbizi na watu waliopewa hifadhi. Isipokuwa kwa makundi machache yaliyotajwa na sheria hiyo, Medicare sasa ni ya raia na wenye kadi ya kijani, na hata waliokuwa wameshaandikishwa bila kadi hiyo wataipoteza mwanzoni mwa 2027. Mzee aliyekuja kama mkimbizi kutoka Kongo au Burundi, na ambaye kwa sababu moja au nyingine hajaomba kadi ya kijani, aanze shughuli hiyo sasa na kwa msaada wa mwanasheria wa uhamiaji, kwani mengine yote yaliyomo katika mwongozo huu yanategemea karatasi hiyo.

Miezi 6 isiyorudi

Kuanzia mwezi ambao mtu ametimiza miaka 65 na Sehemu B yake imeanza kazi, hupewa na sheria ya taifa miezi 6 ya kununua bima yoyote ya nyongeza inayouzwa katika jimbo lake. Ndani ya miezi hiyo kampuni haiwezi kumkataa kwa sababu ya kisukari, presha, moyo au ugonjwa mwingine wowote, wala haiwezi kumtoza zaidi kwa sababu ya ugonjwa huo. Inachoweza kufanya ni kuchelewesha malipo ya ugonjwa aliokuwa nao tangu zamani kwa muda usiozidi miezi 6, na muda huo hupunguzwa au kufutwa kabisa ikiwa alikuwa na bima nyingine ya afya inayokubalika kabla ya hapo.

Miezi hiyo ikiisha, katika majimbo mengi kampuni inaruhusiwa kuuliza habari za afya, kusoma orodha ya dawa unazotumia, kukupandishia bei au kukukataa moja kwa moja. Mzee mwenye kisukari anayetumia insulini na aliyewahi kupata shida ya moyo anaweza kukataliwa na kila kampuni atakayoiomba. Kwa hiyo wazo la kusubiri mpaka ugonjwa uonekane ndipo bima inunuliwe, wazo ambalo nimelisikia mara nyingi kutoka kwa watu wenye busara katika mambo mengine yote, halifanyi kazi hapa.

Wapo wanaopewa nafasi ya ziada. Anayepoteza bima ya mwajiri iliyokuwa ikiijazia Medicare, au ambaye mpango wake wa Medicare Advantage (bima ya kampuni binafsi inayochukua nafasi ya Medicare ya serikali) umeondoka katika eneo lake, kwa kawaida hupata siku 63 za kununua baadhi ya mipango bila kuulizwa afya. New York na Connecticut huzitaka kampuni ziuze mwaka mzima bila kujali afya ya mnunuzi, na Massachusetts na Maine zina kinga zao. California na Oregon huwaruhusu waliokwisha kuwa na bima hii kuhamia mpango mwingine ulio sawa nao au mdogo zaidi karibu na siku yao ya kuzaliwa kila mwaka. Kwa anayeishi Texas au Ohio, ni salama zaidi kuichukulia miezi 6 kama nafasi ya pekee.

Mzee ambaye bado yuko kazini na anayepata bima kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anaweza kuahirisha Sehemu B bila faini. Tena ni heri afanye hivyo, kwa sababu akiichukua wakati hana haja nayo miezi 6 itaanza kuhesabiwa na kumalizika akiwa bado kazini. Asiye na bima ya namna hiyo asiahirishe hata kidogo: kila miezi 12 kamili ya kuchelewa huongeza asilimia 10 ya ada ya Sehemu B, na nyongeza hiyo kwa kawaida hulipwa maisha yote.

Nyongeza au Medicare Advantage

Kabla ya kulinganisha mipango ya nyongeza, kuna njia panda ambayo mawakala wengi huipitia haraka mno. Upande mmoja mtu hubaki katika Medicare ya asili ya serikali, akaongeza bima ya nyongeza na Sehemu D. Upande wa pili huingia katika Medicare Advantage, ambapo kampuni binafsi inachukua nafasi ya serikali katika kulipa matibabu yake. Njia hizi mbili hazichanganyiki: bima ya nyongeza haiwezi kulipa kitu chochote kwa mtu aliye katika Advantage, na kumuuzia bima hiyo ilhali hana mpango wa kurudi katika Medicare ya asili ni kosa la kisheria.

Advantage huvutia kwa sababu mipango yake mingi haina ada zaidi ya ile ya Sehemu B, hujumuisha dawa, na huahidi meno na miwani. Pia ina kikomo cha malipo ya mgonjwa kwa mwaka, ambacho mwaka 2026 hakiwezi kuzidi dola 9,250 kwa huduma za madaktari walio katika orodha ya kampuni. Gharama yake huja kwa sura nyingine. Mgonjwa hufungwa na orodha ya madaktari na hospitali, na kwa vipimo na matibabu mengi kampuni lazima itoe kibali kwanza. Mwenye Medicare ya asili na bima ya nyongeza anaweza kwenda kwa daktari au hospitali yoyote inayopokea Medicare, katika jimbo lolote. Kwa mzee anayekaa miezi kadhaa kwa binti yake Minneapolis kisha akahamia kwa mwanawe Dallas, uhuru huo ni jambo kubwa.

Simlaumu anayechagua Advantage kwa sababu ya uwezo, kwani si kila familia inaweza kutoa fedha za ziada kila mwezi. Ninachosisitiza ni kwamba uamuzi huo si rahisi kuugeuza. Aliyeingia Advantage mara tu alipostahili Medicare akiwa na miaka 65 ana miezi 12 ya majaribio, na akitoka ndani yake anaweza kununua bima ya nyongeza bila maswali ya afya. Baada ya hapo ataruhusiwa kurudi katika Medicare ya asili kila msimu wa kubadili, kuanzia tarehe 15 Oktoba hadi 7 Desemba, lakini katika majimbo mengi hakuna anayelazimika kumuuzia bima ya nyongeza. Atarudi na asilimia 20 isiyo na kikomo.

Herufi za mipango

Serikali imeisanifisha mipango ya nyongeza na kuipa herufi: A, B, C, D, F, G, K, L, M na N. Herufi hizi zisichanganywe na Sehemu A, B, C na D za Medicare yenyewe. Mpango G wa kampuni moja hulipa sawasawa na Mpango G wa kampuni nyingine, hata kama bei zimetofautiana sana. Massachusetts, Minnesota na Wisconsin zina mifumo yao yenye majina tofauti, kwa hiyo anayeishi huko aombe maelezo ya jimbo lake.

Mipango C na F haiuzwi kwa mtu aliyestahili Medicare kuanzia tarehe 1 Januari 2020, hivyo asisumbuke nayo. K na L hulipa nusu au robo tatu tu ya sehemu kubwa ya gharama hadi mgonjwa afikie kikomo cha mwaka, na bei yake huwa nafuu. Kwa wengi, uchaguzi wa kweli ni kati ya G na N.

Mpango G hulipa karibu kila kitu ambacho Medicare huidhinisha na kumwachia mgonjwa. Mgonjwa hulipa zile dola 283 za mwanzo wa mwaka za Sehemu B, na baada ya hapo asilimia 20, malipo ya kulazwa na siku za kituo cha uuguzi hushughulikiwa na bima. Yule mgonjwa wa saratani wa dola 60,000 angelipa dola 283 badala ya 12,000, ukiacha ada yake ya kila mwezi.

Mpango N ada yake huwa ndogo, na kwa malipo hayo madogo mgonjwa hutoa hadi dola 20 kwa baadhi ya ziara za daktari na hadi dola 50 akienda idara ya dharura bila kulazwa. Aidha, N hailipi ile nyongeza ya hadi asilimia 15 ambayo daktari asiyekubali bei ya Medicare anaruhusiwa kumtoza mgonjwa. Majimbo machache, yakiwemo Ohio, Pennsylvania, Massachusetts na Minnesota, yamekataza nyongeza hiyo. Hesabu yake ni nyepesi: ikiwa N ni nafuu kwa dola 35 kwa mwezi, akiba ya mwaka ni dola 420, ambazo zinatosha ziara 21 za dola 20. Mzee anayemwona daktari mara nne au tano kwa mwaka atafaidika na N. Mwenye magonjwa sugu matatu na madaktari wanne ningemshauri achukue G, kwa sababu ya fedha na pia kwa utulivu wa kutopokea bili ndogondogo zilizoandikwa kwa lugha asiyoisoma vizuri.

Mipango C, D, F, G, M na N ina faida moja inayotuhusu sana. Medicare yenyewe kwa kawaida hailipi chochote nje ya Marekani. Mzee akianguka akiwa Mombasa, Bujumbura au Moshi, mipango hii hulipa asilimia 80 ya matibabu ya dharura baada ya yeye kulipa dola 250 za kwanza za mwaka, mradi dharura itokee ndani ya siku 60 za mwanzo wa safari, na jumla isizidi dola 50,000 kwa maisha yake yote. Mara nyingi hospitali ya huko itataka kulipwa papo hapo, kwa hiyo familia itoe fedha, ichukue risiti na taarifa za kitabibu zenye maelezo kamili, kisha idai kwa kampuni. Anayekwenda kukaa nyumbani miezi mitano asiitegemee bima hii kwa safari nzima. Atafute bima ya safari au ya huko aendako kwa siku zinazobaki.

Bei na namna inavyopanda

Kwa kuwa Mpango G ni uleule popote, kumlipa mtu zaidi kwa ajili yake kunahitaji sababu nzuri. Omba bei za kampuni kadhaa, na uliza kila moja namna inavyopanga ada. Zipo zinazotoza watu wote wa eneo ada moja bila kujali umri. Zipo zinazoangalia umri uliokuwa nao siku ya kununua. Zipo zinazopandisha ada kadiri unavyozeeka, na hizi ndizo zinazoonekana rahisi mno kwa mtu wa miaka 65 na kuwa mzigo akifika 80. Zote tatu huweza kupanda pia kwa sababu ya gharama za matibabu kwa jumla, hivyo uliza ada imepandaje katika miaka mitano iliyopita. Uliza vilevile kuhusu punguzo la watu wanaoishi nyumba moja, kwa kuwa mume na mke lazima kila mmoja awe na bima yake.

Mwenye kipato kidogo

Kabla ya mzee kuanza kulipa ada ya nyongeza, aulize ofisi ya jimbo lake kama anastahili Medicaid, yaani bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, au mipango ya kusaidia gharama za Medicare. Ule unaoitwa QMB hulipa ada ya Sehemu B, hulipa ada ya Sehemu A kwa asiyekuwa na miaka ya kazi, na humwondolea mgonjwa asilimia 20 na malipo ya awali. Viwango vya kipato hubadilika kila mwaka na hutofautiana kwa jimbo. Kwa mzee asiye na kipato, msaada huu unaweza kufanya kazi yote ambayo bima ya nyongeza ingeifanya, bila gharama.

Kukamilisha ununuzi

Kila jimbo lina washauri wa bure wa bima ya Medicare chini ya mpango unaoitwa SHIP. Hawauzi bima na hawapati kamisheni, kwa hiyo ningeanza kwao kabla ya wakala yeyote. Namba ya Medicare yenyewe ni 1-800-633-4227, na anayepiga anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Mkalimani huyo ni bora kuliko mjukuu wa miaka kumi na mitatu anayetafsiri maneno asiyoyaelewa.

Hati ya bima ya kweli lazima iandikwe waziwazi Medicare Supplement Insurance. Bima zinazolipa fedha kidogo kwa kila siku ya kulazwa, na vyama vya kuchangiana matibabu, vinaweza kuwa na nafasi yake, lakini si kitu hiki. Mtu anayepiga simu bila kuombwa akitaka namba ya kadi ya Medicare asipewe.

Ikiwa fomu ina maswali ya afya, yajibiwe kwa ukweli mtupu, na mzee asitie saini fomu ambayo wakala ameijaza kabla ya kusomewa kila jibu kwa lugha anayoielewa. Maadamu ada inalipwa na fomu haikuwa na uongo, kampuni haiwezi kumwachisha bima hata akiugua vipi; uongo mmoja katika fomu unaweza kuvunja kinga hiyo.

Anayehama kutoka bima moja ya nyongeza kwenda nyingine asivunje ya zamani mpaka iliyo mpya imekubaliwa kwa maandishi na imeanza kazi. Baada ya hapo ana siku 30 za kuichunguza. Alipe ada za zote mbili kwa mwezi huo, asome hati mpya pamoja na mshauri wa SHIP, na ndani ya siku hizo aamue ni ipi ya kuiacha.